Baridi Haina Jina Moja: Mafunzo ya Kambi za Barafuni, kutoka Ruiru na Thika hadi Mlima Kenya

Utangulizi

Mkazi wa Thika akitazama kaskazini asubuhi isiyo na mawingu huweza kuviona vilele vya Mlima Kenya. Yeye yuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, katika mji wa viwanda na mananasi. Kilele cha Lenana, ambacho wapandaji wengi hukilenga, kiko mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa barafu. Vijana wa shule na vyuo, wakiwemo wanaowania nishani ya dhahabu katika mpango wa Tuzo ya Rais ulioanzishwa nchini mwaka 1966, hupiga kambi huko. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kijana wa Ruiru au Thika anavyopaswa kuandaliwa kwa kambi ya namna hiyo, na kuonyesha kwamba msamiati ni sehemu ya maandalizi hayo. Palipo na baridi kali, neno lisilo wazi huweza kugharimu uhai.

Baridi ya ncha za dunia na baridi ya Ikweta

Ni dhahiri kwamba Mlima Kenya si Antaktika. Katika kituo cha Vostok, tarehe 21 Julai 1983, ilipimwa baridi ya nyuzi 89.2 chini ya sufuri. Hata hivyo, kwa wastani halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila mtu apandapo mita 1,000. Kwa hesabu hiyo, Lenana huishinda Thika kwa baridi ya nyuzi 22 hivi.

Aidha, baridi hizi mbili hutofautiana kitabia. Bara la ndani la Antaktika ni kavu, na usiku wake huendelea kwa miezi. Mlimani kwetu jua huchoma mchana, mvua na theluji hunyesha alasiri, na usiku kila kitu huganda. Mpandaji hulowa kwanza, ndipo baridi ikamkuta. Kwa sababu hiyo, somo la kwanza ni kujikinga na maji. Nguo ya pamba ikilowa hung'ang'ania mwilini na kuupokonya joto, ilhali sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu. Sweta ya sufu iliyonunuliwa mitumbani huweza kumfaa mwanafunzi kuliko fulana tatu mpya za pamba. Vilevile, nguo kavu za kulalia hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki na hazivaliwi mchana, hata mvua inyeshe namna gani.

Msamiati wa baridi

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili, kwa kuzaliwa pwani, hakina maneno ya kuelezea hali hizi. Dai hili halina mashiko. Tunalo neno theluji, lenye asili ya Kiarabu. Tunalo barafu, ambalo asili yake ni ya Kiajemi. Huko lilimaanisha theluji, nasi tukalipa maji yaliyoganda. Tunalo pia sakitu, yaani umande ulioganda, ambao mkulima wa viazi wa Nyandarua anaujua vyema kwa hasara zake. Tofauti hizi zina kazi: theluji laini hushika kiatu, barafu huteleza, na sakitu juu ya jiwe huweza kumwangusha asiyeiona.

Hali za mwili nazo zina majina yake. Mwanafunzi akisema "nasikia baridi", amesema nini hasa? Huenda anatetemeka tu, na hapo chai ya moto na nguo kavu zitamtosha. Huenda vidole vimekufa ganzi na ngozi imepauka. Hivyo havisuguliwi, bali hupashwa joto polepole, kwa mfano kwapani. Huenda mwili wote unazizima, ukiwa umeshuka chini ya nyuzi 35, hali ambayo madaktari huiita haipothemia. Mgonjwa huyo hujikwaa, hutamka maneno kwa shida, kisha huacha kutetemeka. Asiyefunzwa hudhani amepata nafuu, kumbe hatari ndiyo kwanza imezidi.

Isitoshe, anayelalamika kuumwa kichwa na kichefuchefu huenda tatizo lake si baridi hata kidogo, bali ni ugonjwa wa mwinuko, unaotokana na uhaba wa oksijeni. Huyo haruhusiwi kupanda zaidi. Akianza kupepesuka, au kukosa pumzi hata akiwa amepumzika, hushushwa mara moja, hata kama ni usiku. Ikiwa hali zote hizi zitaitwa "baridi", kiongozi atampa chai mtu aliyepaswa kuteremshwa.

Mafunzo yaanzie nyumbani

Katika kituo cha McMurdo, Antaktika, wageni waliokuwa wakienda kufanya kazi mbali na kituo walifunzwa kwa miaka mingi kulala thelujini karibu na kituo kwanza. Kanuni hiyo inatufaa: jambo likosewe mahali ambapo msaada uko karibu.

Kwa wanafunzi wa Ruiru na Thika, Kilimambogo, wenye mita 2,145, ni uwanja mzuri wa kuzoesha miguu na mizigo. Manyunyu ya Julai nayo ni fursa ya kujifunza kusimamisha hema mikono ikiwa imelowa. Mapishi pia yajaribiwe. Karibu na Lenana maji huchemka yakiwa na nyuzi 83 au 84 tu. Githeri inayoiva Thika haitaiva huko. Chakula kilichopikwa awali au kinachoiva upesi ndicho kibebwe.

Ratiba nayo izingatie mwinuko. Wataalamu hushauri kwamba, zaidi ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipandishwe kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Katika njia ya Sirimon, kutoka kambi ya Old Moses hadi Shipton ni takriban mita 900. Usiku mmoja wa ziada hapo katikati si anasa.

Hatimaye, wanafunzi wagawanywe wawili wawili. Kila jioni mmoja amuulize mwenzake: Vidole vina hisi? Kichwa kinauma? Hebu tembea juu ya mstari huu. Maswali haya yaulizwe kwa lugha ambayo mtu aliyechoka huielewa bila kutafsiri kichwani.

Hitimisho

Mkenya James Kagambi alifika kilele cha Everest mwezi Mei 2022, akiwa na umri wa miaka 62, baada ya miaka mingi ya kuwafunza wengine milimani. Ujuzi wa barafu, basi, si mgeni kwetu. Kilichobaki ni kuuandika. Waelekezaji na wapagazi wa Naro Moru na Chogoria wana maneno yao ya kazi ambayo huenda hayajaingia kamusini. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeyakusanya atakuwa ameihudumia taaluma yake na, pengine, ameokoa maisha ya mtu. Tahadhari kabla ya hatari, nayo tahadhari huanza kwa kuitaja hatari kwa jina lake.