Chumvi ya Mama Mwenye Mimba

Mke akiwa na mimba, askari ampendaye humtafutia maziwa na nyama, wala hakosei. Chumvi haimjii akilini, kwa kuwa ipo jikoni siku zote. Lakini ndani ya chumvi mna kitu kidogo sana kinachotegemewa na akili ya mtoto, nacho ni madini joto, yaitwayo pia ayodini.

Tezi ya shingoni huyatumia madini hayo kutengeneza homoni ziongozazo kukua kwa ubongo. Yakipungua, tezi huvimba likawa rovu. Na rovu ndilo dogo: mimba huweza kutoka, au mtoto akazaliwa mfu, au akaishi akiwa mzito wa akili, pengine kiziwi na bubu, wala hakuna hospitali iwezayo kumrudishia alichokosa. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto hutegemea tezi ya mama yake, maana yake mwenyewe haijaanza kazi. Angojaye tumbo lionekane ndipo abadili chumvi amekwisha chelewa.

Ushahidi hauko mbali. Katika miaka ya 1960 madaktari walichunguza kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kaskazini yetu. Madini joto yalikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilienea mno upande wa kaskazini kuliko kusini-magharibi. Ikaja kufahamika kwamba sumu ya muhogo usioandaliwa vema huizuia tezi isipokee hata hayo machache. Hatusemi ugali wa muhogo uachwe, nani angetusikiliza! Twasema urowekwe siku tatu au nne na kuanikwa, nayo sombe itwangwe na kuchemshwa sana.

Wako wajivuniao ndagala wa Tanganyika. Ni chakula bora, ila madini joto kwa wingi yamo katika samaki wa baharini, si wa maji baridi. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku. Mwenye mimba na anyonyeshaye, 250, kwani kichanga hana chungu kingine ila titi la mama.

Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 ilionekana kuwa zaidi ya nyumba tisa katika kumi nchini Burundi zina chumvi iliyotiwa madini hayo. Hata hivyo jua na unyevu huyapoteza. Chumvi iliyorundikwa wazi sokoni Ruvumera tangu asubuhi si sawa na ile ya pakiti. Nyumbani itiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto, na iingie chunguni chakula kinapokaribia kuiva. Wala isizidishwe, maana chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu.

Ile ayodini ya kupaka vidonda, iliyomo katika sanduku la huduma ya kwanza, ni sumu ikinywewa. Bwana atumwaye sokoni asome kwanza maandishi ya pakiti, ndipo atoe faranga zake.