Ukiburuta faili saibani, jua unahamisha au unakopi

Sikiza, hii ilinipata mimi mwenyewe. Baada ya kuacha chuo nilishika kazi kwenye saiba moja hapa Malindi. Siku moja akaja dada fulani na bahasha ya vyeti. Nikamskania vyote, nikaviweka na CV yake kwenye folda moja juu ya Desktop. Akaniambia, "Kaka, nataka nakala ya akiba." Nikaishika folda kwa mausi, nikaiburuta hadi Documents, nikaachia. Nikamwambia tayari, ziko mbili.

Jioni nikipanga mafaili nikaiona ile ya Documents. Nikasema hii ni ya ziada, nikaifuta, nikamwaga na pipa la taka. Kumbe ilikuwa ndiyo hiyo hiyo moja! Dada akarudi, na mwisho wa kutuma maombi ni usiku ule ule. Bahati yangu bahasha alikuwa nayo. Tuliskani upya mpaka giza likaingia, na pesa sikuchukua.

Kosa lilikuwa hili. Kwenye Windows, ukiburuta faili ndani ya diski ile ile, kompyuta huihamisha. Ukiiburuta kwenda diski nyingine, kama vile flashi, huikopi. Mkono unafanya kitu kimoja, lakini matokeo ni mawili tofauti.

Kwa hivyo usiiachie kompyuta ikuamulie. Shika Ctrl ukiburuta, itakopi. Shika Shift, itahamisha. Shika Alt, itatengeneza njia ya mkato tu, faili lenyewe libaki lilipo. Achia mausi kwanza, halafu kitufe. Ukisahau hivyo vyote, buruta kwa kitufe cha kulia cha mausi: ukiachia, itakuuliza unataka nini. Umebadili nia njiani? Bonyeza Esc. Ushaachia na umekosea? Ctrl na Z, inarudi. Wenye Mac, ya kukopi kwenu ni Option.

Sasa geuza hiyo stori. Uko saiba ya Kilifi, umeskaniwa kitambulisho kwa ajili ya HELB au eCitizen. Unakiburuta hadi kwenye flashi yako, unachomoa, unaenda zako kupanda matatu. Unadhani umekibeba? Umebeba nakala. Kitambulisho chako, sura na namba, bado kiko pale Desktop, na anayekalia kile kiti baada yako anakiona. Mimi nimeviona vingi sana, vya watu nisiowajua.

Dawa ni Shift. Iburute kwenye flashi huku umeishika, faili litoke kwenye ile mashine. Kisha fungua flashi uhakikishe limefika, na uchungulie Downloads pia kabla hujainuka.

Na kama mhudumu ndiye anayeshika mausi, usione haya. Mwambie, "Kaka, hapo umekopi ama umehamisha?" Mimi ningeulizwa hivyo siku ile, yule dada angelala mapema.