Sebule na baraza vipangiwe bajeti moja

Wenye nyumba wengi humaliza fedha zote sebuleni, baraza na ua vikabaki vitupu. Mpambaji anayeijua kazi yake hupima nyumba nzima, ndani na nje, na kuangalia jua na mvua hupiga wapi, kabla ya kununua hata kiti kimoja.

Nyumba za kale za Lamu, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zilifuata hesabu hiyo. Baraza za mawe zilipokea wageni nje, zidaka zilipamba kuta za ndani, na ua ulileta mwanga na hewa.

Hasara hutokana na kukosea mahali. Zulia la mkonge na mkeka wa ukindu huota ukungu vikilowa, hivyo vikae chini ya paa. Mbao za mtiki hustahimili mvua, zinafaa kwa viti vya nje. Bogenvilia hutaka jua kali. Ulimi wa mama mkwe huvumilia kivuli, lakini maji mengi huozesha mizizi yake.

Mkonge hulimwa Tanga, mtiki hupandwa Muheza, na mikeka husukwa na akina mama vijijini. Anayenunua kwa mpango hanunui mara mbili, na fedha yake humfikia mkulima na fundi wa hapa nchini.