Ushahidi Usiongoja Padre

Mwishoni mwa 1882, mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika waliondoka Buganda, wasirejee hadi 1885. Muda huo wote hapakuwa na Misa wala Kitubio, lakini imani ilizidi kuenea. Walei kama Yosefu Mukasa, Andrea Kagwa na Matia Mulumba ndio waliowafundisha wenzao sala na mafundisho ya dini.

Mei 1886, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipoazimia kuwaua vijana Wakristo wa ikulu yake, Karoli Lwanga, ambaye hakuwa padre, aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa naye, akiwemo Kizito. Tarehe 3 Juni wote wawili walichomwa moto Namugongo.

Papa Paulo VI aliwatangaza wafiadini 22 wa Uganda, wakiwemo hao wawili, kuwa watakatifu Oktoba 18, 1964. Mwezi uliofuata, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Lumen Gentium, ukifundisha kwamba kila mbatizwa anashiriki ukuhani wa Kristo.

Upadre haupunguziwi hadhi kwa fundisho hilo. Padre huadhimisha Ekaristi na kuondolea dhambi. Mwamini humshuhudia Kristo nyumbani, sokoni na kazini.

Mwaka 1913, Kanisa la Buganda lililolindwa na walei lilipata mapadre wake wazalendo wa kwanza: Basil Lumu na Victor Mukasa.