Mbwa katika Mafunzo ya Watoto Wadogo: Mazoezi ya Lugha kwa Shule za Chekechea za Migori na Homa Bay

1. Utangulizi

Mtoto anayeanza shule huko Migori au Homa Bay huja darasani na maarifa mengi yasiyoandikwa katika kitabu chochote. Mbwa wa nyumbani kwao anamjua kwa jina, kwa rangi na kwa sauti yake ya usiku, na tena anamwogopa mbwa wa jirani. Lakini vifaa vingi vinavyotumiwa kuwafundishia watoto wadogo habari za mbwa vilitungwa Ulaya na Marekani, ambako mbwa hulala ndani ya nyumba na hununuliwa chakula dukani. Vifaa hivyo vikitafsiriwa hivi hivi, picha hubaki ngeni, na hata lile zoezi la herufi ya kwanza ya jina la mnyama hupoteza maana, kwa kuwa herufi yenyewe si ile tena.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwalimu awezavyo kumtumia mbwa wa bomani kufundishia sauti, idadi na masimulizi ya Kiswahili. Yatajadili pia jambo lililo zito kuliko sarufi, nalo ni usalama wa mtoto mwenyewe.

2. Hali ya lugha katika sehemu hizi

Migori na Homa Bay zilikuwa sehemu ya iliyokuwa wilaya ya South Nyanza. Chini ya Katiba ya 2010 kila moja ni kaunti, na elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti. Wakazi walio wengi husema Kijaluo. Kikuria husemwa upande wa Migori unaopakana na Tanzania, na Kisuba kingaliko katika visiwa vya Mfangano na Rusinga, ingawa kwa muda mrefu kimekuwa kikiachia nafasi Kijaluo. Katika miji kama Migori, Isebania, Oyugis na Mbita watoto wa lugha mbalimbali huketi pamoja, na hapo Kiswahili hupata kazi mapema.

Kamati iliyoongozwa na Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba miaka ya mwanzo ya masomo ifundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo la shule. Msimamo huo umeendelea katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019. Kwa hiyo mwalimu wa kijijini Ndhiwa huanza na Kijaluo kisha akamwongoza mtoto kuelekea Kiswahili, ilhali mwenzake wa Isebania huenda akaanza na Kiswahili moja kwa moja. Mazoezi yanayoelezwa hapa yanawafaa wote wawili, mradi kila mmoja aanzie pale mtoto alipo.

3. Neno lenyewe na sauti zake

Kijaluo humwita mbwa guok. Kiswahili husema mbwa, Kiluhya imbwa, na Kiganda embwa. Ni dhahiri kwamba maneno haya matatu yametoka katika shina moja la Kibantu, na kwamba neno la Kijaluo, lugha ya jamii ya Kinailoti, lina asili nyingine. Hata hivyo, si kila lugha ya Kibantu iliyohifadhi shina hilo. Kikisii, kinachosemwa jirani kabisa, husema esese. Basi mwalimu asidhani kwamba mtoto wa lugha ya Kibantu atalitambua neno mbwa kwa sababu ya ukoo wa lugha peke yake.

Neno hili ni fupi, lakini lina ugumu wake. Kwa kawaida mkazo wa neno la Kiswahili huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika neno mbuzi, sauti mb hutamkwa pamoja kama konsonanti moja, na silabi ni mbu-zi. Katika neno mbwa, shina lina silabi moja tu. Hapo m hujitenga ikawa silabi kamili na kubeba mkazo: m-bwa. Ndivyo ilivyo pia katika mbu, nchi, nge na nta. Kijaluo nacho kina mb, kama katika neno mbaka, maana yake mazungumzo, lakini humo mb haigawanyiki. Ndiyo sababu mtoto wa Kijaluo huelekea kulitamka neno mbwa kwa pigo moja.

Dawa yake ni makofi. Mwalimu hutaja neno, na watoto hupiga kofi moja kwa kila silabi: m-bwa, makofi mawili, mbu-zi, makofi mawili, m-bu, makofi mawili, ng'o-mbe, makofi mawili, ki-le-bu, makofi matatu. Zoezi hili halihitaji karatasi wala rangi. Mtoto hujifunza kwa mikono yake mkazo ulipo, bila kusikia istilahi hata moja.

4. Mmoja na wengi

Hapa ndipo panapoonekana tofauti kubwa zaidi kati ya lugha hizi mbili. Katika Kijaluo, wingi huonekana katika nomino yenyewe: guok ni mmoja, guogi ni wengi, na hata konsonanti ya mwisho hubadilika. Kitenzi hubaki vile vile: guok ringo, mbwa anakimbia, guogi ringo, mbwa wanakimbia. Katika Kiswahili mambo ni kinyume. Nomino haibadiliki, na wingi huchukuliwa na maneno yanayoifuata: mbwa mkubwa analala, mbwa wakubwa wanalala. Mtoto aliyezoea kuusikiliza mwisho wa nomino ili ajue idadi hana budi kufunzwa kuisikiliza sehemu nyingine ya sentensi.

Mwalimu achore ardhini au ubaoni picha mbili, moja ya mbwa mmoja na nyingine ya mbwa watatu. Akisema "anakimbia", watoto wakimbilie picha ya kwanza. Akisema "wanakimbia", waiendee ya pili. Jina la mnyama lisitajwe kabisa mwanzoni, ili sikio litegemee kiambishi peke yake. Wakishazoea, hesabu iingizwe: mbwa mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Ikifika sita na saba kiambishi hutoweka, kisha hurudi katika wanane, na hutoweka tena katika tisa na kumi. Watoto hulipenda badiliko hili likifanywa mchezo: asimame anayetaja nambari yenye wa-, achuchumae anayetaja isiyo nayo. Mifupa ya mahindi au mawe madogo yatosha kuwa mbwa wa kuhesabiwa.

Udogo nao una somo lake. Mtoto wa mbwa ni kilebu, naye huchukua upatanisho wa viumbe hai: kilebu amelala. Lakini mbwa akidunishwa kwa umbo, huwa kijibwa, na upatanisho hufuata umbo hilo: kijibwa kimelala. Katika umri wa miaka minne au mitano sheria hii isifundishwe. Yatosha mwalimu mwenyewe aseme sawasawa kila mara, kwa kuwa mtoto huiga asikiacho kabla hajajua sababu yake.

5. Hadithi, vitendawili na methali

Jadi ya Wajaluo ilikuwa na shule yake ya jioni. Katika siwindhe, nyumba ya bibi, watoto walisimuliwa sigana na kujibu vitendawili kabla ya kulala. Wanyama wa nyumbani na wa porini walikuwa wahusika wa kawaida katika masimulizi hayo. Yafaa mwalimu awaombe watoto wamuulize bibi au babu hadithi moja ya mbwa, waje kuisimulia darasani kwa lugha yao, kisha darasa zima lijenge sentensi tatu au nne za Kiswahili kutokana nayo. Kwa njia hii Kiswahili huingia kama mgeni anayekaribishwa, hakimfukuzi mwenyeji.

Vitendawili vinaweza kutungwa na mwalimu mwenyewe kulingana na mazingira. Kwa mfano: Kitendawili! Tega! Nina askari asiye na bunduki wala mshahara. Jibu ni mbwa, na watoto waulizwe wamejuaje. Maelezo ya mtoto kuhusu jibu lake yana faida zaidi kwa lugha kuliko jibu lenyewe.

Methali zahitaji uangalifu. Kiswahili kilikulia pwani, miongoni mwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ndiyo asili ya onyo lisemalo kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Kwa sababu hiyo neno mbwa hubeba dharau pwani, na kumwita mtu kwa jina hilo ni tusi. Katika boma la Mjaluo mbwa ni mlinzi wa ng'ombe na hapo zamani alikuwa mwenzi wa mwindaji. Mwalimu asiifiche tofauti hii. Mji kama Kendu Bay una Waislamu wa siku nyingi, na mtoto wao asilazimishwe kumshika mbwa ili afuzu somo. Picha na kinyago cha udongo vyatosha. Wala asiambiwe kwamba dini yake inamchukia mnyama huyu, kwani hata katika kisa cha Watu wa Pangoni ndani ya Kurani, mbwa wao ametajwa akiwa amelala mlangoni.

6. Somo la kujihadhari

Yote yaliyotajwa hapo juu yangekuwa mchezo mtupu kama mtoto asingefundishwa pia namna ya kukaa na mbwa kwa salama. Kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate, hasa kwa kuumwa. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba kiasi cha watu 4 katika kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Chanjo imekuwako tangu Louis Pasteur alipomtibu mtoto wa Kifaransa mwaka 1885. Kenya nayo iliweka mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030. Lakini mtoto hawezi kupelekwa kuchanjwa ikiwa hakusema kwamba ameumwa.

Basi sentensi za kwanza za Kiswahili ambazo mtoto ahitaji kuzijua barabara ni hizi: "Mbwa ameniuma." "Ameniuma hapa." Zifanyiwe mazoezi kwa maigizo, mmoja akiwa mtoto, mwingine mama, mwingine mwalimu. Anayeigiza mtu mzima asigombe wala kupiga, kwa kuwa mtoto anayetazamia adhabu huficha jeraha. Kisha igizo liendelee hadi kuosha: maji na sabuni kwa dakika 15, na baadaye safari ya hospitali. Mtoto hajui dakika. Wimbo wa darasa uimbwe tena na tena hadi mwalimu atoe ishara, ndipo aelewe kwamba kuosha ni kazi ndefu.

Michezo miwili zaidi yafaa kuongezwa. Wa kwanza ni "Mti". Mwalimu akitaja mbwa asiyejulikana, watoto wote husimama kimya, mikono chini, macho yakitazama vidole vya miguu, kwa sababu mbwa humfukuza anayekimbia. Wa pili ni "Jiwe". Aliyeanguka hujikunja, akafunika masikio na shingo. Amri hutolewa kwa Kiswahili, na hivyo vitenzi simama, tazama, nyamaza, jikunje na funika huingia mwilini kabla ya kuingia daftarini. Mwishowe watoto watajiwe mbwa wasiosumbuliwa: anayekula, aliyelala, na mwenye vilebu.

7. Hitimisho

Imeelezwa kwamba mbwa wa bomani anaweza kumfundisha mtoto silabi, upatanisho, hesabu na masimulizi, bila gharama na bila kuazima picha za ugenini. Imeonyeshwa pia kwamba tofauti kati ya Kijaluo na Kiswahili si kikwazo, bali zinampa mwalimu mahali pa kuanzia. Yanayobaki ni kazi ya vyuo vya ualimu: kuwazoeza walimu kuitazama lugha ya mtoto kabla ya kukitazama kitabu, na kukumbuka kwamba somo zuri la lugha huenda likawa ndilo litakalomfikisha mtoto hospitalini kwa wakati.