Biashara ya kuchua misuli: mwenye kitanda anakula zaidi ya mwenye mikono

Kuchua misuli kulikuwa kazi ya uani: mama mzazi akikandwa kwa maji ya moto, mzee akisuguliwa magoti, mchezaji akinyooshwa mguu baada ya mechi. Siku hizi ni huduma yenye bango na bei. Jijini Dar es Salaam, saluni ya kiume isiyo na kiti cha nyuma cha skrabu na masaji ya shingo inazidi kuwa nadra. Unguja, kuanzia Nungwi hadi Paje na Jambiani, vibanda vya makuti hupokea watalii wanaolala kifudifudi wakipakwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu au mchaichai.

Wateja wapo. Dereva wa bodaboda anayeshinda juu ya tandiko, karani anayeinamia kompyuta, fundi cherehani, mama lishe na jiko lake la chini: wote wanalalamikia kiuno.

Hata hivyo, mchuaji mmoja wa Kinondoni, mzoefu wa kazi hii aliyeomba jina lake lisitajwe, anasema wingi huo hauuoni mfukoni. Hana mshahara. Analipwa kwa kichwa, baada ya mwenye saluni kuchukua sehemu yake, ambayo ndiyo kubwa. Umeme ukikatika au mvua ikiwazuia watu majumbani, anarudi mikono mitupu. Mafuta ananunua mwenyewe, taulo ananunua mwenyewe, na sabuni ya kulifulia pia. Mteja akinung'unika, anayekatwa ni yeye. Mteja akiridhika, bakshishi ndiyo inayolipa nauli.

Kinachomkera zaidi ni kitanda. Seremala alikichonga bila kumuuliza, kikatoka kifupi, naye amelazimika kuweka tofali chini ya kila mguu. Anaeleza kwa vitendo: kitanda kikifika usawa wa ngumi yake iliyoning'inia, anatanguliza mguu mmoja, anaegemea, na uzito wa mwili ndio unaosukuma huku kigasha kikiteleza juu ya mgongo wa mteja. Kitanda kikiwa chini, anainama, na kazi yote inaviangukia vidole gumba. Vyake vimeanza kumuuma usiku. Hana bima, na kidole kikigoma hakuna kipato.

Lipo na jingine analolisema kwa sauti ya chini: wateja wanaoingia wakidhani masaji ni jina la biashara nyingine. Anadai baadhi ya wamiliki wanawajua na wananyamaza, kwa kuwa wateja wa aina hiyo hawabishanii bei. Suala hili huchekewa mitaani, lakini ni la usalama kazini na lilistahili kuwa la kwanza katika ukaguzi wowote.

Ofisa mmoja anayehusika na usimamizi wa huduma hizi, naye hakutaka kutajwa, anaona mambo yanakwenda vizuri. Takwimu moja aliirudia zaidi ya mara moja: watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na inakadiriwa watafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Kwake, hilo ni soko. Takwimu yenyewe ni sahihi, ila ni ya dunia nzima. Haisemi Temeke ina wachuaji wangapi, wanapata nini kwa siku, wala nani aliwafundisha. Alipoulizwa hayo alikimbilia sheria: Tanzania Bara ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na kila biashara inatakiwa kuwa na leseni. Kwa maelezo ya wachuaji wenyewe, mkaguzi akija huangalia chumba na karatasi za ukutani. Mikono haipimwi na mtu.

Pengo hilo lina hatari yake. Zipo saluni zinazomalizia masaji kwa kumgeuza mteja shingo ghafla mpaka ialike. Madaktari wameripoti wagonjwa waliopata kiharusi baada ya mgeuzo wa namna hiyo kuchana mshipa wa damu wa shingoni. Ni nadra, lakini aliyesimama nyuma ya kiti hana namna ya kujua shingo iliyo salama. Vivyo hivyo, mtu anayeumwa mgongo huku mguu unalegea au mkojo haumtii anapaswa kukimbizwa hospitali, na mchuaji asiyefundishwa anaweza kumlaza kitandani na kuanza kazi.

Visiwani kilio ni kingine. Idadi rasmi ya watalii wa Zanzibar ilipita 600,000 mwaka 2023, nambari inayopendeza kwenye hotuba. Wachuaji wa ufukweni wanasema wageni wengi hulipia kila kitu kabla ya kupanda ndege, hawatoki nje ya ukuta wa hoteli, na ndani humo wanachuliwa na wataalamu walioletwa kutoka Bali au Thailand.

Kuhusu nafuu yenyewe, mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 yaliona kwamba masaji hupunguza maumivu ya mgongo kwa muda mfupi, tena kwa ushahidi dhaifu. Kinga ndiyo isiyo na muuzaji. Semina za kupiga magoti na kunyoosha mgongo wakati wa kuinua mzigo hupendwa na waajiri, lakini mapitio mengine, ya mwaka 2011, hayakupata ushahidi kwamba mafunzo ya kuinua peke yake yanazuia maumivu. Mazoezi ya mara kwa mara yakiambatana na elimu yameonyesha matokeo bora.

Kisha kuna mzigo wenyewe. Pendekezo la kimataifa la kazi la mwaka 1967 linataka mzigo wa mwanamume mmoja ukizidi kilo 55 upunguzwe haraka. Tanzania hupiga vita lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na kikomo cha gunia la mazao ni kilo 100, yaani karibu mara mbili ya kiwango hicho. Kikomo hicho kiliwekwa ili mkulima asipunjwe. Mgongo wa mbebaji haukuwa kwenye hesabu. Kenya ilishusha gunia la viazi hadi kilo 50 kwa kanuni za mwaka 2019, ingawa utekelezaji umekuwa wa kusuasua.

Kwa hali hiyo wateja huenda wasipungue karibuni, ingawa bei ya mafuta na kodi ya pango vinaweza kuvifunga vibanda vidogo kwanza. Wabebaji wa Kariakoo hulipwa kwa gunia, na wanasema likigawanywa mara mbili wangetaka malipo yasigawanywe nalo. Mfanyabiashara wa viazi aliyeulizwa kuhusu hilo hakutaka kuahidi.