Kazi ya Somo Imemwangukia Mama

Wenzangu wa Kwale tulio ughaibuni husema mama zetu hawakutueleza mambo ya mwili kwa sababu ya haya. Mimi nawatetea. Desturi ya pwani haikumpa mama kazi hiyo. Msichana akivunja ungo, aliyeketi naye ni bibi, shangazi au somo wa kumfunda. Mama alipeleka habari tu, kisha akakaa kando, kwani kuyataja ya ndani mbele ya mwanawe kulivunja heshima baina yao. Kwa bibi kulikuwa na utani. Mjukuu aliuliza lolote.

Mpango huo ulifaa bibi alipokuwa ua mmoja na mjukuu. Hoteli za Diani zilipovuta watu Ukunda, familia zikaingia vyumba vya kupanga na bibi akabaki kijijini. Hatari nazo zikasogea karibu: utafiti wa Unicef na serikali ya Kenya, mwaka 2006, ulikadiria kuwa wasichana 10,000 hadi 15,000 wa pwani, Diani ikiwemo, walikuwa wameingizwa katika biashara ya ngono. Kazi ya somo ikamwangukia mama ambaye hakuwahi kuiona ikifanywa na mamake. Akabaki na onyo moja: "Ukicheza na wavulana utajiletea mimba."

Sheria ya elimu iliyorekebishwa 2017 inaitaka serikali igawe pedi za bure katika shule za umma. Ni jambo jema sana, ila pedi haimwelezi mtoto kwa nini tumbo linamkata, wala siku zipi anaweza kushika mimba. Na zikikosekana, vipande vya leso kuukuu hufuliwa kwa siri na kufichwa mvunguni vikiwa vibichi, badala ya kuanikwa juani.

Lakini mlango wa kuanzia mazungumzo upo, na sisi Wadigo tunao kila mwaka. Madrasa hufunza hedhi na josho bila kuzunguka. Ramadhani ikiisha, kila mama hujua bintiye ana siku za saumu za kulipa kwa sababu ya hedhi. Wifi yangu wa Msambweni alianzia hapo, yeye na bintiye wakichambua mchicha: "Una deni la siku ngapi?"

"Tisa."

"Tisa? Damu ni nyingi? Inatoka na mabonge?"

Binti akajibu, kisha akauliza mbona mwezi wa nyuma haikuja kabisa. Wifi hakumgombeza. Akamweleza kuwa miaka ya mwanzo hedhi huruka, halafu akamwambia wazi jinsi mimba inavyoingia, na kwamba lolote likitokea, wa kwanza kuambiwa awe yeye. Jioni akanipigia: maswali mengine yamemshinda, basi shangazi mtu niyapokee kwa simu. Sasa mpwa wangu hunitumia sauti kila anapotaka kujua jambo, nami humjibu.